Nini kiwashe feni ya dakti? Swichi, rilei ya 240V, thamostati ya vifaranga na waifai, zikipimwa katika nyumba ya Mombasa

Nyumbani kwetu Tudor kuna kiyoyozi kimoja. Kiko sebuleni, na chumba cha mama kiko nyuma ya ukuta mmoja tu. Badala ya kununua cha pili tulitoboa ukuta huo juu karibu na dari, tukapitisha dakti, yaani bomba la hewa, ya milimita 150 na kuweka feni katikati yake. Inavuta hewa karibu na mdomo wa kiyoyozi na kuimwaga upande wa pili. Feni yenyewe ni ya wati 45. Kuifunga kulichukua asubuhi moja. Kuamua nini kitaiwasha na kuizima kulichukua zaidi ya mwaka.

Njia tatu nimezijaribu kwetu, ya nne nimeifunga kwa jirani, kwa hiyo naziweka bega kwa bega hapa kwa faida ya mwenye kutaka kuchagua. Dai langu nalitanguliza. Madukani watu hubishana kuhusu aina ya rilei (swichi inayowashwa na stima badala ya kidole), ampea ngapi, ya kampuni gani. Mimi naona rilei ni bawabu tu, hufungua mlango akiambiwa afungue. Swali kubwa ni nani anayemletea habari kwamba kiyoyozi kinatoa baridi. Bawabu hodari mwenye mjumbe mwongo ni hasara tupu.

Kwanza, kwa nini isizunguke muda wote?

Feni ya namna hii ikisukuma mita za ujazo 200 kwa saa, na hewa hiyo ikiwa baridi kwa nyuzi 8 kuliko ya chumbani, inapeleka baridi ya takriban nusu kilowati. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hutoa kilowati 3.5. Hapo unagawa fungu moja katika saba, hupati kiyoyozi cha pili. Na hewa haiingii chumba ambacho hewa haitoki: kama mlango wa chumba umeshika sakafu, ukate kidogo chini kwanza, ndipo uje kwenye mambo ya rilei.

Shida yenyewe ni unyevu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, siku ya kawaida kabisa hapa Mvita, huacha umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 25 kwenda chini. Dakti iliyokuwa ikibeba hewa ya nyuzi 15 iko chini mno ya hapo. Zima kiyoyozi, fungua madirisha, acha feni ikizunguka: hewa mbichi ya bahari inapita ndani ya bomba baridi na kuacha maji njiani. Ongeza giza na vumbi. Baada ya wiki chache chumba cha mama kilinuka kama leso zilizokunjwa kabla hazijakauka.

Feni basi iwake kiyoyozi kikitoa baridi, na ife kikiacha. Ukiwaka umeme wa wati 45 kwa saa 10 kila siku unakula uniti 13.5 kwa mwezi. Si nyingi, ila kuzilipa ili ulete ukungu chumbani ni jambo la kuudhi.

Swichi ya ukutani

Hii ndiyo tuliyoanza nayo. Soketi maalumu yenye fyuzi ya ampea 3 na swichi yake, basi. Haina cha kuharibika, haisumbuliwi na stima hafifu, na fundi yeyote ataielewa miaka kumi ijayo. Mtu anayeishi peke yake na asiyesahau mambo, simshauri anunue kingine.

Sisi tunasahau. Mama alikuwa akizima kiyoyozi kwa rimoti anapoamka kuswali alfajiri, feni ikabaki inazunguka hadi adhuhuri. Kisha kuna suala la stima kukatika. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani, swichi ya feni ilikuwa imewashwa. Stima iliporudi kiyoyozi kilikaa kimya kikisubiri rimoti, feni ikaanza kuzunguka peke yake na kuvuta joto la sebuleni kupeleka chumbani. Swichi haijui habari yoyote ya kiyoyozi.

Rilei ya koili ya 240V, ikifuata waya wa kompresa

Fundi aliyekuja alikuwa na jibu tayari. "Kaka, hii kazi ya nusu saa. Kompresa ikipata stima, feni nayo ipate."

Wazo ni zuri na ndilo la kale zaidi. Katika kiyoyozi cha kawaida kisicho cha inveta (inveta hubadili kasi ya kompresa badala ya kuiwasha na kuizima), kitengo cha ndani ndicho kinachotuma 240V kwenda nje pale kompresa, pampu ya gesi iliyo nje, inapotakiwa kufanya kazi. Ukiunganisha koili ya rilei, ule waya uliozungushwa unaogeuka sumaku, sambamba na waya ule pamoja na nyutro, rilei inanasa kompresa ikiwaka na inaachia ikizima. Koili inakula wati mbili tatu, kiyoyozi hakihisi kitu. Kontakti za rilei, vile vipande vinavyogusana na kuachana, ndizo zinazopeleka stima kwenye feni. Ni habari ya kweli kabisa: hakuna baridi bila kompresa.

Ile rilei ya miguu nane inayokaa kwenye kikalio cha duara ndiyo rahisi kuipata. Koili iko pini 2 na 7. Pini 1 na 3 hukutana rilei ikinasa, 1 na 4 huachana. Upande wa pili 8 na 6 hukutana, 8 na 5 huachana. Soma ubavuni kabla hujalipa, kwa sababu ya 24V, ya 110V na ya 240V zinafanana kama mapacha. Ya 24V ukiipa 240V haitakupa hata nafasi ya kujuta, inaungua hapo hapo.

Kuhusu ampea usihangaike sana. Feni ya wati 45 hula chini ya nusu ampea, na hata ikivuta mara tano au sita wakati wa kuanza haifiki 3. Rilei iliyoandikwa 10A imeandikiwa mzigo kama wa pasi, na kwa mota ni busara kuihesabu theluthi tu ya hapo. Bado inatosha.

Yaliyotushinda ni mengine. Jioni, majirani wote wanapowasha viyoyozi, stima ya mtaa wetu hushuka. Rilei ya koili ya stima ya kawaida inahitaji kama asilimia 80 ya volti zake ili inase vizuri, yaani karibu 190 kwa koili ya 240. Chini ya hapo inanasa nusu nusu, inatetemeka na kuunguruma. Usiku wa tatu mama akaniita: "Mwanangu, huyo nyuki ndani ya dari amefuata nini?" Nyuki yule alikuwa rilei, na ilikuwa ya moto kuishika.

Dawa yake ipo na ni rahisi. Weka rilei ya koili ya 12V pamoja na adapta ndogo, aina inayokubali volti 100 hadi 240, kisha adapta ndiyo iungwe kwenye waya wa kompresa. Mtaa ukishuka hadi 170, adapta bado inatoa 12 kamili na rilei inakaa kimya. Ningekuwa narudia njia hii leo, ningeanza hapo.

Mtego wa pili ni inveta. Katika viyoyozi vya inveta waya wa kwenda nje hubeba stima muda wote kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na vingine hata kikiwa kimezimwa kwa rimoti. Kompresa inaongozwa kwa waya wa mawasiliano ambao rilei haiwezi kuusoma. Ukiunga pale, umenunua swichi ya ukutani kwa bei ya rilei. Mwenye inveta aiache njia hii na aruke hadi inayofuata.

Yupo pia fundi atakayekushauri uunge kwenye mota ya feni ya ndani ya kiyoyozi. Mkatalie kwa adabu. Mota nyingi za siku hizi ama zinaendeshwa kwa stima iliyokatwakatwa ili kubadili kasi, ambayo koili haiipendi, ama ni za DC zenye volti zaidi ya 300 ndani na waya mwembamba wa amri. Si mahali pa kuchomeka kitu.

Halafu kuna hatari ambayo sikuiona ikitajwa na muuzaji hata mmoja. Kama nyumba ina fezi tatu, na kiyoyozi kiko kwenye fezi moja na feni ukaipa stima ya soketi ya fezi nyingine, ndani ya kijirilei kimoja umekutanisha volti 415. Na hata kwenye fezi moja, ukizima breka ya kiyoyozi upande wa feni bado ni hai, na fundi wa kesho hatajua. Lisha feni kutoka saketi ile ile ya kiyoyozi kupitia fyuzi yake ya ampea 3, ili breka moja iue vyote. Kazi hii inafungua kiyoyozi, inaweza kukuondolea waranti, na ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, si ya binamu mwenye bisibisi.

Thamostati ya vifaranga

Anayefuga kuku anakijua kifaa hiki: kile cha kioo chenye tarakimu nyekundu kinachofungwa kwenye mashine ya kutotolea mayai, kikiwa na waya mrefu wenye kihisio nchani. STC-1000 ni mfano, na XH-W3001 ni mwingine mdogo zaidi. Ndani yake mna rilei ya ampea 10 na akili kidogo. Vyote viwili huuzwa pia kwa volti 12, kwa hiyo soma tena ubavuni uchukue cha 220V.

Ujanja ni kukitumia kinyume na unavyodhani. Mtu huwaza "baridi" na kuunga upande wa kupoza. Wewe unga upande wa kupasha joto, kwa sababu ndio unaonasa nyuzi zinaposhuka chini ya kiwango. Kifaa kinadhani kinawasha taa ya vifaranga waliopata baridi, kumbe kinawasha feni ya mama. Kwenye STC-1000 niliweka kiwango 20 na tofauti 2: feni inawaka hewa ikifika 18 na inazima ikirudi 20. Kwenye XH-W3001 unaandika tu kuwaka 18, kuzima 20, na kwa kuwa namba ya kuwaka ni ndogo kuliko ya kuzima, chenyewe kinaelewa.

Kihisio kikae mdomoni mwa kiyoyozi, pale hewa inapotokea, kimefungwa kwa kamba ya plastiki kisiguse mapezi. Nilikosea mara ya kwanza nikakiweka ndani ya mdomo wa dakti. Feni ikiwa imezima, hewa ya moto kutoka juu ya dari ilikaa pale pale, kihisio kikasoma 29 huku kiyoyozi kinapuliza 14, na feni haikuwaka kamwe.

Faida yake kubwa ni kwamba hakigusi waya hata mmoja wa kiyoyozi. Inveta, isiyo inveta, cha zamani, cha kupanga, hakijali. Habari yake ni ya kweli kuliko hata ya kompresa: kinapima baridi yenyewe. Gesi ikiwa imevuja, kompresa inazunguka bure na rilei ya njia ya pili itawasha feni isukume hewa vuguvugu. Thamostati itakaa kimya, na ukimya huo umewahi kutuambia kiyoyozi kina tatizo kabla hatujahisi joto. Waya wa kihisio ukikatika, STC-1000 huandika EE na kuachia feni.

Kasoro? Inachelewa dakika moja au mbili kuwasha na kuzima, kwa sababu kihisio kinahitaji muda kupoa na kupata joto. Mimi sioni kama ni kasoro, dakika ile ya mwisho inasukuma baridi iliyobaki bombani. Kasoro ya kweli ni kwamba vituo vyake vya waya viko nyuma, wazi, na vinabeba 240V. Lazima kiingie ndani ya kisanduku. Pia hutoa tak kila kinaponasa, na mwenye usingizi mwepesi ataisikia.

Rilei ndogo kama hizi hukadiriwa kunasa mara 100,000 zikiwa na mzigo. Kiyoyozi chetu huenda na kurudi mara 6 kwa saa, saa 10 kwa siku, yaani mara 60. Hiyo ni zaidi ya miaka minne na nusu, na mzigo wetu ni mdogo kuliko ule waliopimia.

Rilei ya waifai

Jirani yangu wa ghorofa ya juu, kijana wa kompyuta, hakutaka kusikia habari ya vifaranga. Akanunua Sonoff, chapa ya rilei zinazoongozwa kwa simu, nikamfungia. Kuna Shelly pia, ambayo Shelly 1 ina kontakti kavu zisizobeba stima zenyewe, jambo zuri kwa fundi. Anawasha feni akiwa kwenye kivuko cha Likoni. Ana ratiba: saa tatu usiku iwake, saa kumi na moja alfajiri izime.

Ratiba ni nzuri kwa nyumba yenye ratiba. Ila rudi kwenye swali la mjumbe: rilei hii inajua saa ngapi, haijui kama kiyoyozi kinapuliza. Akichelewa kazini na kiyoyozi hakijawashwa, feni yake inazunguka saa tatu ile ile. Shelly 1 inaweza kuongezewa kihisio cha joto na ikaamua yenyewe, na hapo inakuwa thamostati yenye simu. Ni kitu kizuri, na kama tayari una taa na pampu kwenye programu hiyo hiyo, chukua. Angalia mambo mawili: vingi vya vifaa hivi hushika mtandao wa 2.4GHz peke yake, na ndani ya mipangilio kuna mahali pa kuamua hali baada ya stima kurudi. Chagua izimwe.

Ambazo sikuzipa nafasi

Rilei isiyo na kontakti, ile ya kielektroniki, haipigi tak, na hilo tu ndilo la kuisifu hapa. Hupitisha mkondo mdogo hata ikiwa imezima, feni nyingine hunung'unika, na ikifa mara nyingi hufa ikiwa imefunga, feni haizimiki. Kontakta kubwa ya mota ni kumchinjia ng'ombe mgeni mmoja, na inaunguruma. Kama una kiyoyozi kikubwa cha dakti nyumba nzima chenye thamostati ya ukutani ya 24V, rilei yenye koili ya 24V sambamba na waya wa feni ndiyo jibu, tena safi. Hakikisha tu transfoma yake ina nafasi ya kubeba koili nyingine. Na feni za EC, zile zenye elektroniki ndani, ni afadhali uzizime kwa waya wake wa amri kuliko kuzikatia stima kila dakika kumi.

Chumvi na mjusi

Hapa njia zote nne ziko sawa, na hapa ndipo nyumba za Pwani zinapotofautiana na maelezo ya kwenye boksi. Nilifungua kisanduku cha rilei ya kwanza baada ya miezi minane: skrubu zilikuwa za kijani. Rilei yenye kifuniko kilichozibwa inavumilia kuliko ile ya kioo chenye mianya. Kisanduku kiwe cha IP55 kwenda juu (kiwango cha kuzuia vumbi na maji), matundu ya waya yatazame chini, na kisikae chini ya dakti. Dakti isiyovikwa sufi vizuri hutoka jasho, na jasho lake hudondokea kitu cha kwanza kilicho chini yake.

Kisha mjusi kafiri. Anapenda joto la koili na wadudu wanaoifuata. Akijipenyeza akagusa vituo viwili, anakufa yeye na rilei pamoja. Sisimizi nao huingia kati ya kontakti na kuzizuia zisikutane. Ziba kila tundu kwa silikoni, hata lile unaloona dogo.

Ningemshauri nani nini

Mwenye inveta, mpangaji, au mwenye kiyoyozi kilicho chini ya waranti: thamostati ya vifaranga, bila kufikiri mara mbili. Mwenye kiyoyozi cha kawaida na fundi anayemwamini: rilei ya 12V na adapta kwenye waya wa kompresa inawaka papo hapo na haina kihisio cha kuning'inia mdomoni, na wapo wanaochukia kuona waya pale. Mwenye vifaa vya waifai tayari aongeze kimoja chenye kihisio. Anayeishi peke yake abaki na swichi.

Kwetu imebaki thamostati, ndani ya kisanduku juu ya mlango wa chumba. Tak yake mama ameizoea. Siku hizi akiisikia anavuta shuka, anajua baridi iko njiani.